Je, uhai wa Dunia ulizaliwa Mirihi? Tutenganishe madai matatu kwanza

Wanajukwaa, salaam.

Nimefuatilia mijadala mingi kuhusu asili ya uhai, na karibu kila mara naiona ikikwama mahali pamoja. Mmoja analeta habari kwamba viambato vya uhai vimekutwa kwenye jiwe la angani, kisha anahitimisha kwamba sisi sote ni wahamiaji hapa Duniani. Mwingine anamjibu kwamba hakuna kiumbe anayeweza kuishi mahali pasipo na hewa, na kuanzia hapo kila mtu anazungumzia jambo lake. Swali hili ni zito mno kuachwa katika hali hiyo, ndiyo maana nimeamua kulianzishia uzi wake.

Ndani yake kuna madai matatu ambayo hayana uzito sawa. Lipo dai kwamba malighafi za uhai zililetwa Duniani na vimondo. Lipo dai kwamba vijiumbe vilivyokwisha kuwa hai vilizaliwa kwenye sayari jirani, hasa Mirihi, vikasafiri hadi hapa vikiwa ndani ya mawe. Na lipo dai kwamba uhai ulitoka mbali zaidi, kwenye sayari za nyota nyingine. La kwanza limethibitika kwa kiasi kikubwa. La pili linawezekana lakini halijathibitika. La tatu, kwa maoni yangu, liko karibu sana na kutowezekana. Nitalipitia la kwanza upesi, kwa sababu moyo wa mjadala uko kwenye la pili.

Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, na uchunguzi wake ulionyesha kwamba kilibeba asidi amino, yaani molekuli zinazojenga protini, za aina nyingi, nyingine zisizotumiwa na kiumbe chochote tunachokijua. Mwezi Septemba 2023 chombo OSIRIS-REx kilileta Duniani gramu 121.6 za udongo na changarawe kutoka Bennu, ambayo ni asteroidi, yaani gimba la mawe linalozunguka jua, na matokeo yaliyotangazwa Januari 2025 yalionyesha kwamba ndani yake mna asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumika kujenga protini za viumbe, pamoja na besi zote tano zinazounda DNA na RNA. Sampuli hii ina thamani ya pekee kwa sababu haikuanguka shambani wala kunyeshewa mvua, hivyo shaka kwamba ilichafuliwa na uhai wa hapa ni ndogo sana.

Hata hivyo, aliyepelekewa mchele, nazi na hamira hajapelekewa mkate wa kumimina. Asidi amino huwa na maumbo mawili, la kushoto na la kulia, kama viganja vya mikono, na viumbe vyote vya Dunia hujenga protini zao kwa lile la kushoto. Katika Bennu maumbo hayo mawili yalikutwa kwa viwango vinavyokaribia kulingana, jambo linaloashiria kemia tupu, isiyoongozwa na uhai. Kwa hiyo anayeleta habari za Bennu kama ushahidi kwamba uhai wenyewe ulitoka angani amevuka mpaka ambao ushahidi wake haujaufikia.

Sasa tuje Mirihi.

Jambo la kwanza la kukubaliana ni kwamba mawe ya Mirihi yapo hapa Duniani, na hilo halibishaniwi tena. Tarehe 3 Oktoba 1962, huko Zagami, kaskazini mwa Nigeria, mkulima aliyekuwa kwenye shamba lake la mahindi alisikia mlipuko mkubwa, na jiwe la takriban kilo 18 likajichimbia ardhini kama mita 3 kutoka pale aliposimama. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua jiwe lile lilitoka wapi. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi na kupima hewa yake. Mwaka 1983 watafiti Donald Bogard na Pratt Johnson wakaeleza kwamba gesi iliyonaswa ndani ya kioo cha jiwe moja lililookotwa Antaktika inafanana na hewa hiyo iliyopimwa na Viking. Baadaye gesi ya namna hiyo ilikutwa hata ndani ya jiwe la Zagami. Leo yameorodheshwa mawe ya Mirihi zaidi ya 250, mengi yakiwa yameokotwa katika majangwa ya Sahara na Oman na katika barafu ya Antaktika, mahali ambapo jiwe jeusi huonekana kwa urahisi na haliozi haraka.

Hapa nitoe angalizo dogo kwa wenzangu wa Tanzania, kwa sababu najua kimondo cha Mbozi kitatajwa. Kimondo kile, chenye uzito unaozidi tani kumi, ni chuma kitupu kilichochanganyika na nikeli. Chuma cha namna hiyo hutokana na kiini cha asteroidi iliyowahi kuyeyuka na kisha kuvunjika. Hakikutoka Mirihi, na chuma kilichokuwa ndani ya kiini kilichoyeyuka hakina nafasi ya kubeba kijiumbe. Ni hazina kubwa ya nchi, lakini katika mjadala huu hakina ushahidi wa kutoa.

Je, jiwe huondokaje kwenye sayari? Asteroidi kubwa inapoigonga Mirihi, sehemu kubwa ya mwamba uliogongwa huyeyuka au kusagika. Lakini mwanasayansi wa sayari Jay Melosh alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mawe yaliyo juu kabisa ya uso, pembeni mwa mahali palipogongwa, yanaweza kurushwa kwa kasi kubwa bila kubanwa sana, kwa sababu mawimbi ya mshindo yanayokwenda na yale yanayorudi kutoka usoni hupunguzana nguvu. Ili kuponyoka uvutano wa Mirihi jiwe linahitaji kasi ya kilomita 5 kwa sekunde, ilhali kutoka Duniani linahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde na tena lipenye hewa nzito zaidi. Hii ndiyo sababu safari kutoka Mirihi kuja huku ni rahisi kuliko ya kutoka huku kwenda kule, na watetezi wa dai hili wana haki ya kuitumia hoja hiyo.

Je, kiumbe anaweza kupona katika mshindo huo? Gerda Horneck na wenzake nchini Ujerumani walibana spora za bakteria, yaani bakteria waliolala ndani ya gamba gumu, kati ya vibamba vya mwamba na kuvipiga kwa mlipuko. Spora za Bacillus subtilis zilipona, ingawa kwa idadi iliyopungua sana, hata katika mgandamizo unaokaribia mara 400,000 ya ule wa hewa tunayoivuta. Bakteria wa usanisinuru, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, waliojaribiwa pamoja nazo hawakufika mbali hivyo. Hatua ya kwanza ya safari, basi, inapitika, lakini si kwa kila kiumbe.

Hatua ya pili ni kusafiri angani, na ndiyo inayonipa shaka kubwa zaidi. Watafiti wa Japani waliweka bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa miaka mitatu, na mwaka 2020 walieleza kwamba mabonge ya bakteria hao yenye unene wa nusu milimita au zaidi yalibaki na seli hai ndani yake: zile za juu zilikufa kwa mwanga wa urujuanimno, na maiti zao zikawa ngao ya zile za chini. Matokeo hayo yananigusa kila ninapoyasoma. Lakini miaka mitatu si safari ya kawaida ya jiwe la Mirihi. Vipimo vya athari za mionzi ya anga vinaonyesha kwamba mawe tuliyo nayo yalikaa angani kati ya miaka laki saba hivi na milioni ishirini. Jiwe la Dhofar 019, lililookotwa Oman mwaka 2000, ndilo lililokaribia hiyo milioni ishirini. Katika muda huo mionzi hukatakata DNA ya kiumbe aliyelala, na kiumbe aliyelala hana uwezo wa kujitengeneza. Mahesabu ya mizunguko yanaonyesha kwamba sehemu ndogo sana ya mawe hufika haraka, baadhi ndani ya miaka michache tu. Katika zama za mwanzo za mfumo wetu wa jua, wakati asteroidi zilipokuwa zikigonga sayari mara nyingi kuliko sasa, hata sehemu hiyo ndogo ingekuwa mawe mengi. Anayetetea dai hili anategemea mawe hayo machache ya haraka, na ni vizuri akiri hivyo waziwazi.

Kuhusu kutua, watu wengi hudhani jiwe lote huungua. Si hivyo. Jiwe hupita hewani kwa muda mfupi, na joto huyeyusha gamba la nje la milimita chache huku ndani likibaki baridi. Lakini jiwe likiwa jembamba hali hubadilika: watafiti wa Ulaya walifunga vipande vya mwamba vyenye vijiumbe kwenye ngao ya joto ya vyombo vya anga vya Foton mwaka 2005 na 2007, na vijiumbe vile vikafa kwa joto. Abiria, kama alikuwapo, alipaswa kuwa amekaa ndani kabisa ya jiwe nene.

Jiwe linalotajwa kuliko yote ni ALH84001. Liliokotwa Antaktika mwezi Desemba 1984, likakaa kwenye makabati karibu miaka tisa likidhaniwa kuwa kipande cha asteroidi, hadi mwaka 1993 lilipotambuliwa kuwa la Mirihi. Umri wake unakaribia miaka bilioni 4.1, na liling'olewa Mirihi kama miaka milioni 16 iliyopita. Mwezi Agosti 1996 David McKay na wenzake wa NASA walitangaza kwamba wameona ndani yake dalili zinazoweza kuwa za uhai wa kale: chembe za kaboneti, fuwele ndogo za sumaku, molekuli za kaboni na maumbo yaliyofanana na vijiumbe vidogo mno. Rais Bill Clinton alilizungumzia hadharani. Kisha dalili moja baada ya nyingine zikapata maelezo yasiyohitaji uhai, na mwaka 2022 Andrew Steele na wenzake walieleza kwamba molekuli zile za kaboni zilitokana na maji yaliyokutana na miamba. Wanasayansi walio wengi leo hawaoni uhai ndani ya jiwe lile.

Lakini jiwe hilohilo lilitoa jibu jingine ambalo halisemwi sana. Mwaka 2000 Benjamin Weiss na wenzake walipima usumaku uliohifadhiwa ndani yake, wakagundua kwamba sehemu ya ndani haikuwahi kuzidi nyuzijoto 40 tangu lilipong'olewa Mirihi hadi lilipotua Duniani. Nyuzijoto 40 ni joto la mchana mkali huko Turkana. Kwa upande wa joto, basi, tunalo jiwe halisi mkononi, si hesabu ya karatasi, linaloonyesha kwamba abiria asingeungua.

Nimerudi kuendelea, kwa sababu maswali mliyouliza baada ya maelezo hayo ni ya msingi.

Mkuu mmoja ameuliza: kwa nini tuhangaike na Mirihi wakati Dunia yenyewe ina maji, joto na kila kitu? Wenye dai wanajibu kwamba kilichokosekana Duniani huenda kilikuwa nchi kavu. Mkemia Steven Benner alieleza mwaka 2013 kwamba ribosi, sukari iliyo uti wa mgongo wa RNA, huharibika upesi na kugeuka kitu kama lami isipodhibitiwa na madini ya borati, na kwamba hatua nyingine ya kemia hiyo inahitaji metali ya molibdeni iliyoungana na oksijeni nyingi. Dunia changa, kwa maelezo yake, huenda ilifunikwa na bahari karibu yote na ilikuwa na oksijeni kidogo mno, hali ambayo madini hayo yasingejikusanya, ilhali Mirihi ilikuwa na mabonde yanayojaa maji na kukauka. Baadaye gari la utafiti la Curiosity lilikuta boroni, kiambato cha borati, katika kreta ya Gale, shimo la mgongano huko Mirihi, jambo lililoipa hoja hiyo nguvu kidogo.

Kuna pia hoja ya muda. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54, na mapema sana iligongwa na mgongano mkubwa uliozaa Mwezi na kuiyeyusha. Masalia ya vijiumbe yanayokubalika na wengi, huko Pilbara, Australia, yana miaka bilioni 3.48, na utafiti wa mwaka 2024 uliofuatilia vinasaba nyuma ulikadiria kwamba babu wa mwisho wa viumbe vyote vilivyo hai leo aliishi kama miaka bilioni 4.2 iliyopita, naye alikwisha kuwa kiumbe mwenye protini maelfu. Muda uliobaki kati ya moto na kiumbe huyo ni mfupi. Ama uhai huchipuka haraka mahali penye maji, ama ulitangulia kuchipuka kwingine. Mimi naegemea upande wa kwanza, na sababu zangu ninazo hapa nyumbani.

Tazameni Ziwa Magadi. Mojawapo ya mafumbo makubwa ya asili ya uhai ni fosfati: DNA, RNA na nishati ya kila seli vinaihitaji, lakini katika maji ya kawaida hushikwa na kalsiamu na kutuama chini kama jiwe. Mwishoni mwa 2019 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba katika maziwa ya magadi kaboneti huishika kalsiamu kwanza, na fosfati hubaki huru majini, ikifikia hata mara 50,000 ya kiwango cha bahari. Miongoni mwa mifano yao ni Ziwa Magadi la Kenya. Sidai kwamba uhai ulianzia Magadi, kwa maana maziwa ya Bonde la Ufa ni machanga mno kwa kipimo cha miaka bilioni nne. Ninachosema ni kwamba ziwa ambalo watoto wa Kajiado wanalipita wakichunga linaonyesha aina ya mazingira ambayo Dunia changa, ikiwa ilikuwa na visiwa vya volkano na maziwa yaliyofungwa, ingeweza kuwa nayo. Mabwawa kama hayo hujaa, hukauka, hujaa tena, na ndiyo hali ileile ambayo Benner anaitafuta Mirihi.

Ndugu mwingine amesema kwamba kuuhamishia uhai Mirihi hakujibu chochote, kwa sababu bado tutauliza ulianzaje huko. Ni kweli kwamba swali la namna ulivyoanza linabaki palepale. Lakini mahali pa kuanzia si jambo dogo. Anayetafuta chanzo cha mto akikosea mlima, hatakiona hata akitafuta maisha yake yote. Kama kemia ya mwanzo ilihitaji hali ambazo Dunia haikuwa nazo, majaribio yote ya maabara yanayoiga bahari ya Dunia ya kale yanaiga mahali pasipo sahihi.

Limeulizwa pia suala la imani. Naliheshimu, na nitalijibu kwa ufupi: iwe uhai ulianzia Magadi, chini ya bahari au Mirihi, hilo halimthibitishi wala halimkanushi Muumba. Linahusu anuani ya kazi, si mwenye kazi.

Kuhusu dai la tatu, la nyota nyingine, wengine wameleta majina makubwa. Svante Arrhenius alipendekeza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mbegu za uhai husukumwa angani na mwanga wa nyota zenyewe. Francis Crick na Leslie Orgel waliandika mwaka 1973 kwamba huenda viumbe wenye akili walizituma kwa makusudi. Mbegu za Arrhenius, zikiwa tupu bila jiwe la kuzikinga, zingeuawa na mwanga uleule unaozisukuma. Wazo la Crick na Orgel halina namna ya kupimwa, na kwa hiyo linabaki wazo. Ama mawe, tumeona vitu vinavyopita kutoka nje ya mfumo wetu, kama Oumuamua wa mwaka 2017, aliyekuwa na kasi ya kilomita 26 hivi kwa sekunde kabla jua halijamvuta. Kwa kasi hiyo, umbali wa nyota iliyo jirani kuliko zote ni safari ya miaka zaidi ya 48,000, ambayo si ndefu ukilinganisha na ile ya Dhofar 019. Tatizo liko kwenye shabaha. Jiwe lililong'olewa kwenye sayari ya nyota nyingine likaja kutua hapa ni kama punje ya mtama iliyorushwa kutoka Lamu ikatua ndani ya kikombe kilichoko Kigoma. Melosh alilifanyia hesabu jambo hili mwaka 2003, na uwezekano alioupata ni mdogo kiasi kwamba sioni sababu ya kuusimamishia nadharia.

La mwisho ni swali lililo bora kuliko yote yaliyoulizwa: ni kitu gani kitakachomaliza ubishi? Ni kuwapata viumbe wa Mirihi, hai au mabaki yao yaliyohifadhika vizuri, na kuwasoma. Viumbe vyote vya Dunia, kuanzia bakteria hadi mbuyu, husoma vinasaba kwa kanuni karibu ileile. Tukikuta Mirihi uhai unaotumia DNA ileile, kanuni ileile na asidi amino za kushoto, tutajua kwamba sisi na wao ni ukoo mmoja, na litabaki swali la nani alimtembelea nani. Tukikuta uhai wa kanuni nyingine kabisa, dai la Mirihi litakuwa limepoteza nguvu yake kubwa, na tutakuwa tumejifunza jambo kubwa zaidi: kwamba uhai ulizaliwa mara mbili katika sayari mbili jirani.

Mwezi Julai 2024 gari la utafiti la Perseverance, lililotua kreta ya Jezero Februari 2021, lilikutana na mwamba wa tope uliopewa jina la Cheyava Falls, wenye madoa kama ya chui. Makala ya kisayansi ya Septemba 2025 yalieleza kwamba madoa hayo yana madini ya chuma, fosfati na salfa ambayo hapa Duniani mara nyingi hutokana na vijiumbe vinavyokula mabaki ya viumbe kwenye tope, ingawa kemia isiyo na uhai nayo inaweza kuyatengeneza. Waandishi wenyewe waliziita dalili zinazowezekana, na baada ya yaliyotokea mwaka 1996 naona walifanya vizuri kuchagua neno hilo. Gari lilitoboa mwamba huo na kufungia kipande chake, kilichoitwa Sapphire Canyon, ndani ya mrija. Mrija huo ungali Mirihi, ndani ya gari, na mpango wa kuuleta Duniani umeyumbayumba kwa sababu ya gharama. Vifaa vya kulitenganisha jibu la kemia na jibu la uhai viko kwenye maabara za huku, na kipande chenyewe kiko kule.